Uzio wa Bustani Ndogo: Mita Kwanza, Waya Baadaye

Mtu anayeingia duka la vifaa vya ujenzi na kuulizia bei ya wavu wa fensi ameanzia mwisho wa hesabu. Bei ya wavu ni ileile kwa mwenye ekari 50 na kwa mwenye kitalu cha mchicha, lakini uzito wa bei hiyo mabegani haufanani hata kidogo. Bustani ya mita 10 kwa 20, yaani mita za mraba 200, inazungukwa kwa mita 60. Chukua hekta nzima, ikate vitalu vya ukubwa huo, kila kitalu na uzio wake: utahitaji mita 3,000 za uzio ndani ya hekta moja. Linganisha na uzio wa umeme wa milima ya Aberdare nchini Kenya, uliojengwa kuanzia 1989 hadi 2009. Una urefu wa karibu kilomita 400 na umezingira eneo la karibu kilomita za mraba 2,000. Ukigawanya unapata mita 2 kwa hekta. Kwa kila kipande cha ardhi anachokilinda, mkulima mdogo wa mboga anabebeshwa mita za uzio mara 1,500 ya zile zinazolinda msitu na wanyama wa Aberdare.

Sababu yake ni hesabu ya shule ya msingi. Uzio unalipiwa kwa mzunguko, mavuno yanatoka kwenye eneo, na viwili hivyo havikui sawasawa. Ukirefusha kila upande wa shamba mara mbili, mzunguko unaongezeka mara mbili, eneo linaongezeka mara nne. Ekari ya kienyeji ya hatua 70 kwa 70, ambayo ni kama mita 64 kila upande, inazungukwa kwa mita 256. Eneo lake ni kama la vitalu 20 vya mita 10 kwa 20. Mita 256 kwa wote, au mita 60 mara 20, ambazo ni 1,200. Hapo ndipo pesa ya mkulima mdogo inapopotelea, kabla hata hajachagua waya wa aina gani.

Umbo nalo linatoza. Mita za mraba 200 zikikaa kama 10 kwa 20 zinazungukwa kwa mita 60. Zikikaa kama 5 kwa 40, mita 90. Zikiwa 4 kwa 50, mita 108. Bustani za mabondeni, kama zile za kando ya mto Ngerengere mjini Morogoro, mara nyingi huwa nyembamba na ndefu kwa kuwa kila mtu anataka kitalu chake kiguse maji. Anayegusa maji kwa upana wa mita 4 anaokoa jasho la kubeba ndoo, halafu anaongezewa mita 48 za uzio juu ya jirani yake mwenye kitalu kipana. Mfereji mmoja wa pamoja au bomba la kuvuta maji hadi katikati ni rahisi kuliko mita hizo, na kila mtu anaweza kupewa kitalu kilichokaa vizuri.

Wenzetu wa nchi nyingine walishaonja uchungu huu kwa kiwango cha taifa. Mwaka 1871 idara ya kilimo ya Marekani ilifanya hesabu ya nyua zote za mashamba ya nchi hiyo, wakati zikiwa bado za mbao, mawe na miti ya kupandwa, ikakuta thamani yake inakaribia thamani ya mifugo yote nchini. Miaka mitatu baadaye, 1874, mkulima wa Illinois aitwaye Joseph Glidden alipewa hataza ya seng'enge yake. Bei ikashuka mwaka hadi mwaka, mashamba makubwa yakazungushwa. Waya uliwapa nafuu wenye mashamba makubwa kwa sababu mzunguko wao ulikuwa mdogo ukilinganisha na eneo. Kwa mwenye bustani ndogo, waya wa bei nafuu peke yake haumalizi tatizo.

Tuchukue basi kikundi cha watu 20, kila mmoja na kitalu cha mita 10 kwa 20. Wapange vitalu vitano kwa upana na vinne kwa urefu, waache njia ya mita 2 ya kupitisha toroli. Eneo lote ni mita 52 kwa 80, mzunguko wake mita 264. Kila mwanachama anabeba mita 13.2 badala ya 60. Hata wasipoaminiana, wakaamua kila mtu awe na uzio wake ila wachangie mistari ya mipaka, jumla itakuwa kama mita 810. Bado ni zaidi kidogo ya mara tatu ya uzio mmoja wa nje.

Sasa tuweke pesa. Bei ninazotumia ni za mfano, kwa shilingi ya Tanzania, ili hesabu ionekane. Weka za duka la kwenu na uwiano hautasogea sana. Roli ya wavu wa futi 5 kwenda juu, urefu wa mita 18: shilingi 120,000. Nguzo ya zege ya kujimiminia wenyewe: 12,000. Waya laini wa kukazia: 4,000 kwa kilo. Kuchimba shimo na kusimamisha nguzo: 2,000. Mfuko wa saruji: 16,000.

Anayejenga peke yake kwenye mita 60 anahitaji nguzo 20 zikiachana mita 3, ambazo ni 240,000. Wavu roli 4, ni 480,000. Nguzo za kuegemeza kwenye kona na mlangoni 10, ni 120,000. Waya wa kukazia kilo 8, waya mwembamba wa kufungia kilo 1, mlango mdogo wa 60,000, mashimo 30, saruji mifuko 2 ya kushikilia kona. Jumla shilingi 1,028,000.

Kikundi chenye mita 264 kinahitaji nguzo 88, ambazo ni 1,056,000. Wavu roli 15, ni 1,800,000. Nguzo za kuegemeza 12, ni 144,000. Waya wa kukazia kilo 35 na wa kufungia kilo 5, jumla 160,000. Mlango wa kupita toroli 150,000, mashimo 100 kwa 200,000, saruji mifuko 5 kwa 80,000. Jumla 3,590,000. Gawa kwa 20: shilingi 179,500 kila mmoja. Bustani ni ileile, wavu ni uleule, nguzo ni zilezile, na anayejenga peke yake amelipa karibu mara sita.

Angalia pia kilichofichwa kwenye roli. Mtu mmoja alinunua roli 4, mita 72, akazungushia mita 60 hivi. Mita 12 zimebaki kwenye kona ya stoo. Wote 20 wakifanya hivyo ni roli 80 na mita 240 za wavu uliolala. Kikundi kilinunua roli 15, mita 270, kikabakiwa na mita 6. Na kona ni gharama inayojirudia: bustani moja ina kona nne, bustani ishirini zina kona themanini, na kila kona inataka nguzo mbili za kuegemeza ili wavu ukikazwa usiivute ndani.

Je, inalipa? Hapa wengi wanakosea kwa kuhesabu mavuno yote kama faida ya uzio. Uzio hauoteshi mchicha. Faida yake ni yale matuta tu ambayo yangeliwa. Kitalu cha mita 200 za mraba kinabeba matuta 10 ya kawaida na nafasi za kupita. Mchicha unavunwa baada ya wiki tatu hadi nne, na palipo na maji ya kutosha mtu anaweza kuvuna mara 10 kwa mwaka. Tuseme mchuuzi ananunua tuta zima kwa 8,000, kama ilivyo desturi ya kuuzia matuta yakiwa bado shambani. Kama kila awamu kuku na mbuzi wanakumalizia matuta 2 kati ya 10, unapoteza matuta 20 kwa mwaka, shilingi 160,000. Mchango wa kikundi wa 179,500 unarudi ndani ya mwaka mmoja na miezi michache. Uzio wa peke yako wa 1,028,000 unarudi baada ya miaka 6 na zaidi, na katika miaka hiyo wavu ulishaanza kuomba kiraka. Ukipoteza tuta 1 tu kwa awamu, uzio wa peke yako unakuwa wa miaka karibu 13. Kwa hasara ndogo namna hiyo, singemshauri mtu kujenga peke yake kwa wavu na zege. Atafute njia nyingine, na zipo.

Lakini kwanza nguzo, maana hapo ndipo penye siri ya uzio wa kudumu, na ndipo watu wanapobania pesa pasipofaa.

Nguzo ya mkaratusi isiyotiwa dawa inaweza kuuzwa nusu ya bei ya zege, tuseme 6,000. Penye mchwa inaliwa pale inapokutana na udongo, na baada ya miaka miwili mitatu inakatika, juu ikiwa bado nzima. Katika miaka 12 utainunua mara nne: 24,000 za miti na 8,000 za kuchimba, jumla 32,000 kwa shimo moja. Ya zege ni 12,000 na 2,000 za shimo, basi. Mkaratusi uliotiwa dawa kiwandani, kama zile nguzo za umeme, ni jambo jingine: unadumu kwa miaka mingi, na pale unapopatikana kwa bei inayokaribiana na zege ni mwepesi kubeba na rahisi kupigilia. Wapo wanaochovya miti kwenye oili chafu ya gari. Sikubaliani nayo kwenye bustani ya mboga. Oili hiyo ina mabaki ya madini mazito na inachuruzika kwenye udongo uleule unaolisha watu.

Nguzo ya zege unaimimina mwenyewe. Ukubwa wa kutosha ni inchi 4 kwa 4, urefu mita 2.4, sentimita 60 zinaingia chini, mita 1.8 zinabaki juu. Ujazo wake ni karibu mita za ujazo 0.024, uzito karibu kilo 58, mzigo wa watu wawili. Kwa mchanganyiko wa ndoo 1 ya saruji, 2 za mchanga na 4 za kokoto ndogo, mfuko mmoja wa kilo 50 unatoa nguzo 6. Saruji basi ni kama 2,700 kwa nguzo. Ndani zinalazwa nondo nne za milimita 6 zilizofungwa kwa pete, karibu mita 10.7 za chuma, uzito kilo 2.4, kwa 2,800 kwa kilo ni 6,700. Mchanga na kokoto 1,300, kibarua 1,300. Jumla 12,000, na zaidi ya nusu yake ni chuma.

Ndiyo maana fundi anayetaka kukuuzia nguzo ya bei ya chini kabisa anapunguza nondo, akaweka mbili au akaweka waya. Nguzo hiyo ikisimama huwezi kuijua. Utaijua siku ng'ombe atakapojikuna. Ukitaka kuokoa, punguza idadi ya nguzo za zege: weka moja kila mita 6, katikati yake weka mti mwepesi ambao kazi yake ni kuzuia wavu usilale tu. Ule mti ukioza, uzio hauanguki, na kuubadilisha ni kazi ya nusu saa.

Kumimina nako kuna adabu yake. Kalibu ya mbao inapakwa mafuta kidogo ili zege isigande nayo. Nondo zinyanyuliwe kwa vipande vidogo vya zege ili zisiguse ubao, maana chuma kilicho karibu sana na ngozi ya nguzo kinapata kutu, kutu inavimba, zege inapasuka. Maji yasizidi, zege inayomiminika kama uji ni dhaifu ikikauka. Ishindiliwe kwa kipande cha nondo mpaka mapovu yaishe. Kalibu ikifunguliwa kesho yake, nguzo zilazwe kivulini chini ya magunia na zimwagiwe maji kwa siku 7 angalau. Hapa ndipo vikundi vingi vinapoharakisha, vinasimamisha nguzo ya siku tatu na kukaza waya. Zege inahesabiwa kufikia nguvu yake ya kawaida kwenye siku ya 28. Kama una kalibu 6, unamimina nguzo 6 kwa siku, na zile 100 za kikundi zinachukua siku 17 za kazi. Anza mwezi mmoja na nusu kabla ya siku unayotaka kuzungusha.

Kwenye waya, swali la kwanza liwe unene. Waya hupimwa kwa geji, na namba ikipanda waya unakuwa mwembamba: geji 12 ni milimita 2.6, geji 14 ni 2.0, geji 16 ni 1.6. Tofauti ya geji 12 na 16 inaonekana ndogo machoni, ila kwa kuwa nguvu inakwenda na eneo la mkato, geji 12 ina chuma zaidi ya mara mbili na nusu katika kila mita. Seng'enge mara nyingi inauzwa kwa roli ya uzito fulani, na hapo mnunuzi anaweza kuchanganyikiwa. Kilo 25 za seng'enge ya geji 16 zinaweza kukimbia karibu mita 600. Kilo hizohizo za seng'enge ya waya wa milimita 2.5 zinaishia kama mita 250. Uzito sawa, urefu chini ya nusu. Muuzaji hajakudanganya, wewe umeuliza kilo badala ya mita. Omba vyote viwili, geji na mita, ndipo ugawe bei.

Kisha kuna zinki. Waya uliopakwa zinki nzito unadumu kwa kadiri ya unene wa lile pako, na pwani ambako hewa ina chumvi, pako jepesi linakwisha mapema. Kwa mtu wa Tanga au Mombasa ningesema afadhali wavu mchache wenye zinki nzuri, au aache chuma kabisa atumie makuti na mti hai, kuliko kununua waya wa rangi inayong'aa ambao utageuka kahawia mwaka wa pili.

Seng'enge inavutia kwa bei. Mistari minne kuzunguka mita 264 ni mita 1,056, yaani roli 2 za mita 610. Tuseme 100,000 kila moja: 200,000, mahali pa wavu wa 1,800,000. Tatizo ni nani anayekula mboga zako. Seng'enge inazuia ng'ombe. Mbuzi anapita katikati ya mistari kana kwamba haipo, na kuku anapita chini bila hata kuinama. Kwa mbuzi unahitaji wavu wenye matundu yasiyopitisha kichwa, urefu wa mita 1.2 au zaidi. Kwa kuku unahitaji wavu wa matundu madogo, hata kama ni nusu mita tu kwenda juu upande wa chini, na mwepesi tu unatosha kwa kuwa hawasukumi. Nguruwe anachimba, hivyo pesa iende chini ya ardhi, wavu ufukiwe sentimita 30. Ngedere na nyani wanapanda. Uzio wa kawaida kwao ni ngazi, na fedha ya kuwazuia ilipwe kwa mlinzi au mbwa. Tembo ni hesabu nyingine kabisa: huko Sagalla, jirani na Tsavo Mashariki, mtafiti Lucy King na wakulima wa kijiji walitundika mizinga ya nyuki kila mita 10, ikiunganishwa kwa waya, na tembo wengi wanageuka wakisikia nyuki. Uzio huo unatoa na asali.

Kabla ya kutoa hata shilingi moja, kaa bustanini asubuhi na jioni uone nani anaingia na anatokea upande gani. Kuku akiingia kwenye tuta la mchicha wa wiki moja hali sana; anachakura, na miche inabaki imelala juu ya udongo, mizizi nje, jua la saa nne linaimaliza. Mbuzi anakata juu, mchicha unaweza kuchipua tena. Hasara mbili tofauti, dawa mbili tofauti, na bei zake zinapishana mara kadhaa.

Wakati mwingine kinachotakiwa kuzungushiwa ni mnyama. Banda la kuku la mita 2 kwa 3 lina mzunguko wa mita 10. Kitalu chako ni mita 60. Kama kuku wote wanaokusumbua ni wa nyumba tatu za jirani, mabanda matatu ni mita 30, nusu ya uzio wako, na wavu wake ni ule mwepesi. Ukimwendea mama mwenye kuku ukamwambia, "Mama, tuchangie banda, wavu nitanunua mimi, miti uwe nayo wewe," huenda mkamaliza kwa gharama ya roli moja, mkaokoa na ujirani. Mbolea ya banda hilo ni yenu wote. Na ng'ombe wanaochungwa ni suala la mazungumzo na serikali ya kijiji zaidi ya waya. Mchungaji anayeelekeza kundi bondeni wakati wa kiangazi hashindwi na mistari minne ya seng'enge.

Mti hai ndio uzio ambao watu huuita wa bure. Dodoma na Usukumani ni minyaa, sehemu nyingi ni mbono kaburi, nyanda za juu za Kenya ni kayaba na michongoma iliyokatwa ikanyooka kama ukuta. Vipande vya mbono vikipandwa kila sentimita 20, mita 264 zinahitaji vipande 1,320, na unavipata kwa kuomba. Mifugo haili mbono wala minyaa. Bei yake ni mahali pengine. Kwanza muda: mwaka mmoja hadi miwili kabla haujashikana, na kuku ataendelea kupita chini. Pili hatari: utomvu wa minyaa ukiingia jichoni unaumiza vibaya na unaweza kuharibu uoni, na mbegu za mbono ni sumu, watoto wakizila wanatapika na kuharisha. Penye watoto wa shule ningezikwepa zote mbili.

Tatu, na hili halisemwi kabisa, ni ardhi. Uzio hai wenye upana wa mita 1 ndani ya kitalu cha mita 10 kwa 20 unakula mita za mraba 56 kati ya 200. Hiyo ni asilimia 28 ya bustani, tena kivuli na mizizi sijavihesabu. Kwenye eneo la kikundi la mita 52 kwa 80, uzio huohuo unakula mita za mraba 260 kati ya 4,160, asilimia 6. Aliye peke yake kwenye kitalu kidogo asipande uzio mpana. Atakuwa amepanda uzio na kusahau mboga. Kinachomfaa ni nguzo hai: fimbo za gliricidia nene kama kifundo cha mkono, mita 2 kwenda juu, zinazochomekwa mwanzo wa mvua zikashika mizizi. Waya unafungwa kwazo, majani yanalishwa mbuzi, na kwa kuwa ziko hai haziozi wala haziliwi na mchwa kama mti mkavu. Zifunge waya kwa mpira wa tairi badala ya kupigilia misumari, ili mti usijeruhiwe.

Palipo na mashine za kupasulia mbao, kama Mufindi, mabanzi ni jibu zuri kuliko yote kwa gharama. Ni maganda ya gogo yanayobaki, yanasimamishwa yakiwa yamebanana, kuku hapiti, mbuzi haoni ndani. Yanaoza, lakini unabadilisha yaliyooza tu. Bei yake yote iko kwenye lori, kwa hiyo ukiwa kilomita nyingi kutoka mashineni, faida inaishia barabarani.

Kuna jambo la umiliki linaloamua kila kitu nilichokieleza. Ardhi nyingi ya bustani za mboga za mjini inakodishwa kwa msimu au mwaka. Kwenye ardhi ya namna hiyo usimwage zege kwenye mashimo na usipande ua wa miaka miwili. Shindilia nguzo kwa udongo na mawe, ili siku ukiondoka ung'oe na kukunja wavu wako. Na walio kando ya mito wajue kwamba Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya Tanzania ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kwenye mto au ziwa. Kusimamisha nguzo 88 za zege ndani ya mita hizo ni kuweka milioni moja mahali ambapo amri moja inaweza kuing'oa. Pima mita 60 kwa kamba kabla ya kupima mzunguko.

Ndani ya kikundi, ubishi utatokea kwenye mgawanyo. Katika vitalu 20 vilivyopangwa vitano kwa vinne, 14 vimekaa pembezoni na 6 viko katikati, havigusi uzio hata mita moja. Wenye vile 6 watasema hawana sababu ya kuchanga sawa. Mimi nadhani wachange sawa, kwa sababu mbuzi aliyepita pembezoni hasimami kwenye kitalu cha kwanza, na wao wa katikati ndio wanaolindwa na uzio pamoja na majirani kwa pande zote. Wenye vitalu vya pembezoni nao wabebe kazi ya kukagua upande wao kila wiki, kukaza waya uliolegea na kuziba tundu siku hiyohiyo. Mfuko wa matengenezo wa shilingi 1,000 kwa mwezi kwa kila mtu ni 240,000 kwa mwaka, inatosha roli moja ya wavu na nguzo 10.

Na kama kikundi hakina 3,590,000 leo, kisijenge uzio hafifu kwa pesa iliyopo. Kijenge nusu ya uzio mzuri. Awamu ya kwanza: nguzo zote, za kuegemeza, mashimo, saruji, mlango, na seng'enge mistari minne. Ni 1,830,000, shilingi 91,500 kwa mtu. Ng'ombe wameshatoka. Awamu ya pili, baada ya mavuno mawili au matatu: wavu wa upande mmoja wa mita 80, ule unaotazama nyumba za watu, maana ndiko kuku na mbuzi wanakotokea. Ni roli 5, shilingi 600,000, na 30,000 kwa mtu. Roli hizo zina mita 90. Zile 10 zinazobaki zisikatwe, zipindishwe kona ziendelee upande wa pili, na roli 10 za awamu ya tatu zitamalizia mita 174 zilizosalia.